Kaunti Imempata Kocha

Kiltarran
Jumatatu, 21 Septemba 1953

Dada Dympna,

Kwanza keti chini. Mwanao Enda yu hai, anapumua, na amekula uji asubuhi ya leo kwa mkono wa sista wa hospitali. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua. Ungeruka mistari yote uitafute habari yake.

Fainali ya mpira wa fimbo ilikuwa jana, sisi na majirani zetu wa Drumsallow, na watu walikuwa wengi hadi juu ya paa la kibanda cha chai. Miaka ishirini Kiltarran haijagusa kombe la kaunti, na miaka yote hiyo Drumsallow wanatuimbia nyimbo za matusi kila tukipeleka ng'ombe mnadani kwao. Jana vijana wangu hawakutaka kuimbiwa. Tangu filimbi ya kwanza fimbo zilikuwa zinalia kama mtu anapasua kuni. Kipa wetu alipotewa na meno mawili, akayatema, akaendelea. Beki wao wa kati, yule Tade Hession mrefu, alivunjwa kidole na hakutoka. Mpira ulikuwa mtamu, dada, usinielewe vibaya. Ulikuwa mtamu na wa damu, kama unavyotakiwa kuwa.

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Mpira ukapaa juu ya goli lao, Enda akaruka, na wengine wakaruka naye, fimbo zote hewani. Nilisikia mlio nikiwa pembeni mwa uwanja. Mimi ni mwenye bucha, sishtuki mfupa ukipasuka, lakini ule ulinishtua. Mwanao alianguka kifudifudi na hakuweka hata mikono mbele. Ni jicho la kushoto. Wamemfunga bendeji macho yote mawili ili la kulia lisihangaike, na daktari mkubwa wa mjini anakuja Jumatano.

Baada ya hapo hapakuwa na mpira tena. Pakie Lacken, nahodha wetu, ndiye aliyeanza. Alivunja fimbo yake mgongoni mwa mtu wa Drumsallow, akaokota nyingine. Watu waliruka ukuta. Niliona bibi mzima anampiga kijana kwa mwavuli. Refa alijifungia ndani ya gari la padri, na mpira ukavunjika bila mshindi.

Sasa sikia hili, maana bado sijaliamini mwenyewe. Bwana Considine, mwenyekiti wa bodi ya mchezo ya kaunti, alinijia nikiwa nimepiga magoti kando ya machela, shati langu lote damu ya Enda. Akasema, "Tuohy, watu wako wanajua kumpigania mwenzao. Timu ya kaunti imekuwa ikipigwa kila mwaka kwa sababu ina wachezaji wapole kama maziwa. Nakutaka wewe uwafundishe." Mimi! Muuza nyama ambaye hajawahi kuchezea kaunti hata dakika moja! Wamekuwa wakichukua walimu na mabwana wenye mashamba tangu babu zetu. Kuna jambo moja tu la kumaliza, uchunguzi wa bodi siku ya Alhamisi, kujua nani alianza. Hilo likipita salama, kaunti ni yangu.

Mwombee Enda. Niombee na mimi.

Mdogo wako,
Colman

*

Coventry
Ijumaa, 25 Septemba 1953

Colman,

Umeniandikia ukurasa mzima wa mpira na kaunti, na jicho la mwanangu umelipa mistari mitatu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa kuwa uliniambia nikae.

Nilikukabidhi mtoto akiwa na miaka kumi na minne. Ulisema, "Dada, mwache kwangu, Coventry kuna moshi tu na mpira wa miguu, mwache awe mtu wa Kiltarran." Nikakuachia. Nimebaki na kaka yake Lorcan, ambaye amegeuka simba juu ya majukwaa ya ujenzi, na nyumba ya wapangaji saba wanaokula kabichi yangu na kulalamika. Sikuomba kombe. Niliomba arudi na macho mawili.

Nina swali moja na nataka jibu moja. Ni mkono wa nani? Umeandika "Enda akaruka, na wengine wakaruka naye." Wengine ndio kina nani? Huwa unaniambia jina la kila ng'ombe unayemchinja na shamba alikotoka. Iweje mtu aliyempiga mpwa wako hana jina?

Hongera kwa hiyo kaunti. Nimeiandika, imekwisha.

Dympna

*

Kiltarran
Jumatatu, 28 Septemba 1953

Dada,

Jicho wamelitoa. Siwezi kulisema kwa uzuri, kwa hiyo nimelisema hivyo. La kulia liko salama, bendeji itafunguliwa siku si nyingi. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama mtu wa jicho moja anaweza kucheza. Nilitoka nje nikaupiga ukuta wa hospitali hadi ngozi ya vidole ikatoka.

Umeuliza mkono wa nani. Uchunguzi ulikuwa Alhamisi, ukumbi wa hoteli, Bwana Considine mezani na wajumbe wawili. Wachezaji waliokuwa chini ya ule mpira waliitwa mmoja mmoja. Alipoitwa Tade Hession aliulizwa, "Nani alimpiga kijana?" Akajibu, "Sijui." Akaulizwa, "Ni wewe?" Akanyamaza, Dympna. Alisimama pale na kidole chake kimefungwa kitambaa, akatazama ukutani, akanyamaza kama nguzo. Mtu asiye na hatia husema. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Bodi imemwona yeye ndiye, amefungiwa mwaka mzima, kombe limekuja kwetu, na Kiltarran hatukupewa hata onyo kwa yale mapigano, maana nani asingepigana?

Kila mtu hapa anasema ni Tade. Basi ndiyo hivyo.

Vijana wa hapa hawajalala vizuri tangu siku hiyo. Ijumaa rundo la majani makavu la Hession liliungua lote, chakula cha ng'ombe cha majira ya baridi. Jumamosi watu wa Drumsallow walikuja wakavunja dirisha la bucha yangu na kutupa kichwa cha kondoo ndani, kana kwamba mimi nina upungufu wa vichwa vya kondoo. Jana mbwa wa Tade alikutwa ananing'inia getini kwao. Hilo sikulipenda, na nimewaambia. Lakini moto ukishika majani makavu, utauambia nini?

Kwangu, mambo yamenyooka. Jumatano ya tarehe saba Oktoba nitatangazwa rasmi, chakula cha jioni katika hoteli hiyo hiyo, na nitasoma majina ya timu. Nimenunua tai.

Colman

*

Coventry
Ijumaa, 2 Oktoba 1953

Colman,

Unajua jinsi tunavyofanya hapa. Barua ya nyumbani haisomwi chumbani kama siri, inasomwa mezani, maana nusu ya wapangaji ni watu wa kwetu na wengine hawajaandikiwa barua tangu Pasaka. Nikaisoma. Nilipofika kwenye jicho Lorcan akaninyang'anya karatasi akamalizia yeye. Aliposoma "Basi ndiyo hivyo," alirusha sahani yake ukutani. Alitoka nje, na nilimsikia anagonga kitu kwenye uzio wa nyuma, mara kwa mara, mpaka chai ikapoa. Asubuhi nimekuta mbao nne za uzio zimelala chini.

Tangu hapo anauliza wapangaji wa kwetu, wa Clare na wa Galway: Tade Hession anafanana vipi, anaishi upande gani, anapeleka maziwa saa ngapi. Anajua nimesikia. Nikimtazama anacheka.

Kwa hiyo nakuuliza kwa mara ya pili, na safari hii nakuuliza kama mama na si kama dada. Ulikuwa pembeni ya uwanja. Macho yako ni mazuri kuliko ya mwewe. Wewe mwenyewe uliona? Si watu wanasema nini, si Tade alinyamaza vipi. Wewe uliona fimbo ya nani?

Kama uliona ni Tade, niambie, na Mungu atanisamehe sitamzuia Lorcan kwa nguvu zangu zote. Kama hukuona, niambie hukuona, nimfungie mlango.

Jibu siku hiyo hiyo utakayoipata.

Dympna

*

Kiltarran
Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Dada Dympna,

Mzuie Lorcan. Asije. Mambo huku yameanza kupoa, na ugomvi wa mpira ni wa mpira, hauvuki bahari. Mwambie mimi mjomba wake nimesema abaki kazini.

Usiniulize zaidi kwa wiki hii. Nina mengi kichwani, timu nzima ya kaunti ya kupanga. Baada ya Jumatano nitakuandikia barua ndefu.

Colman

*

Hospitali, Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Mama mpendwa,

Anayeandika ni nesi Philomena, mimi nasema tu. Ana mwandiko mzuri na anasema nisitukane, kwa hiyo ukiona pengo ujue kulikuwa na tusi.

Bendeji ya kulia wanaifungua kesho. Usilie sana. Nesi anasema wanawake wanapenda mwanaume mwenye kitambaa jichoni, na mimi nimemwambia aache kunidanganya.

Mama, kuna jambo. Jana Pakie Lacken alikuja kuniona. Nahodha. Nilimsikia anaingia, ana kikohozi chake kile, kisha nikasikia anapiga magoti. Mtu mzima, Mama, alilia kama ndama. Akasema, "Enda, ni mimi. Nilikuwa naufuata mpira, nikapiga, ukahama, nikakupata wewe." Ni Pakie wetu. Tade hata hakuwa ameinua fimbo, alikuwa na kidole kimevunjika na alikuwa anausubiri udondoke.

Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akasema kwamba nilipoanguka aligeuka kumtazama Mjomba, na Mjomba alikuwa ameona. Akasema, "Nilichanganyikiwa, nikampiga wa kwanza niliyemwona wa Drumsallow, ili nisisimame pale tu." Halafu katika chumba cha kubadilishia nguo Mjomba alimvuta pembeni akamwambia, "Umekosea kwa bahati mbaya, huwezi kumrudishia jicho. Ukisema, sisi ndio tuliopiga watu wasio na kosa, tutafungiwa wote na mimi nitaikosa kaunti. Nyamaza, Pakie. Tade na wenzake watanyamaza na wao." Pakie anasema ana tiketi ya meli ya New York kwa shangazi yake. Anaondoka wiki hii. Hawezi kula.

Mimi simchukii Pakie. Na sitaki Mjomba aikose kaunti, Mama, nakuapia. Amenilea. Ameisubiri maisha yake yote na hakuna mwingine wa kijiji chetu atakayeitwa tena. Lakini nasikia wamechoma majani ya akina Hession na wamemnyonga mbwa. Yule mbwa nilikuwa namjua. Nafikiri Mjomba angeacha tu kaunti kidogo, amwambie Considine, halafu labda wangemrudishia baadaye. Mwandikie wewe. Mimi nikimwambia ataniona sina shukrani.

Msalimie Lorcan. Mwambie bado namshinda kwa kukimbia.

Mwanao,
Enda

*

TELEGRAMU
Coventry, 7 Oktoba 1953
KWA COLMAN TUOHY, BUCHA, KILTARRAN

LORCAN KAPANDA MELI JANA. SI TADE. UNAJUA SI TADE. MSIMAMISHE STESHENI. MWAMBIE KWA KINYWA CHAKO. DYMPNA

*

Gereza la kaunti
Jumapili, 11 Oktoba 1953

Mama,

Wamenipa karatasi moja, kwa hiyo nitaandika herufi ndogo.

Najua umeshasikia. Padri wa hapa ameniambia mambo ambayo siwezi kuyaweka kichwani bado. Anasema si yeye. Nimemwambia padri aondoke.

Nilifika kwa treni ya Jumatano jioni. Stesheni hapakuwa na mtu. Nilidhani Mjomba atakuja na gari, maana nilimwandikia kadi kwamba nakuja, lakini nikakumbuka ni siku ya sherehe yake, nikaona bora nisimwingize katika haya. Nilipata pa kulala kwa mzee mmoja.

Asubuhi nilikwenda pale wanapopeleka maziwa. Mikokoteni ilikuwa imepanga foleni, madebe yanagongana, watu wanavuta sigara. Nilimjua mara moja kwa urefu na kwa kile kidole. Nilikuwa na kipande cha nondo ndani ya mkono wa koti, nimekibeba tangu kazini. Sikutaka kukitumia, Mama. Nilitaka kumpiga ngumi mpaka aombe msamaha mbele ya watu.

Nikasema jina langu. Akageuka. Alinitazama vizuri, akasema, "Wewe ndiye kaka yake Enda? Jicho lake vipi?"

Mama, nilidhani ananidhihaki. Jicho lake vipi! Damu ilinipanda mpaka sikusikia tena. Nikampiga ngumi ya mdomo, akaenda nyuma kwenye mkokoteni, debe likamwagika, punda akaanza kuruka. Alirudi. Alikuwa na nguvu, alinipiga mara mbili kwenye mbavu, hata sasa nikipumua nazisikia. Watu walituacha. Waliona ni watu wawili wanamalizana, na hapa watu wawili wakimalizana hawaingiliwi. Mmoja alisema kabisa, "Waacheni, kijana ana haki yake." Tukaanguka kwenye maziwa, tukateleza, akawa juu yangu. Alinishika koo. Kisha akaliachia. Akaliachia mwenyewe, Mama, akaanza kuinuka, anahema, akanyoosha mkono mmoja mbele. Anataka kunipa mkono, au anajikinga, au anataka kusema kitu, sijui. Mimi nilikuwa nimeshatoa nondo.

Nilimpiga mara tatu. Ya kwanza ingetosha.

Maziwa yalikuwa yamejaa kila mahali na yakageuka rangi. Ndipo watu walipokuja. Kama wangekuja kabla.

Naambiwa ni kuua kwa kukusudia kwa sababu ya nondo. Kwa kosa hilo ni kitanzi. Usije kwanza. Muulize Mjomba. Mwambie aje aniambie padri ni mwongo. Mjomba aliandika mwenyewe, nilisoma mwenyewe mezani, ni Tade. Basi ndiyo hivyo. Aliandika hivyo.

Lorcan

*

Coventry
Jumatano, 14 Oktoba 1953

Colman,

Naandika hii nikiwa nimefunga sanduku. Kesho napanda meli.

Nilikuwa na faraja moja tu, kwamba telegramu haikukufikia. Nilijiambia alikuwa njiani kwenda hotelini, karatasi ilibaki chini ya mlango wa bucha, mdogo wangu hakujua. Nilikuwa nakutetea kwa wapangaji. Leo nimepata barua ya Bi. Tierney wa posta. Anasema alikuletea mwenyewe mkononi, mchana, ukiwa mbele ya kioo unafunga tai. Ukaisoma. Ukaikunja. Ukamwambia, "Treni za siku hizi zinachelewa. Nitamfuata kesho asubuhi."

Kesho asubuhi, Colman.

Ningeweza kumpelekea telegramu ile padri, au polisi. Nilikuletea wewe kwa sababu nilisema moyoni, damu yangu haiwezi kuniangusha mara mbili.

Sasa nisikilize, maana sina nguvu ya kukutukana na nyingi zinahitajika. Wakili anasema hivi: ikithibitika mahakamani kwamba Lorcan alidanganywa, kwamba mtu aliyemwamini kama baba alijua ukweli na akamwachia aamini uongo, majaji wanaweza kuliona ni jambo la hasira na si la kupanga, na ataokoka na kitanzi. Pakie yuko New York. Enda alikuwa amelala chini na damu usoni, hakuona kitu, anaweza kusema alichoambiwa tu. Aliyeona kwa macho yake na akaandika uongo kwa mkono wake ni mmoja. Barua yako ninayo, lakini karatasi haiapishwi. Wewe unaapishwa.

Ukisema, utaikosa kaunti. Watakufungia. Watu wa Kiltarran hawatanunua nyama kwako, na labda watavunja dirisha lile lile. Najua. Nimekaa nikayapima yote upande wako kwa haki, kama tulivyofundishwa. Upande wa pili nimemweka Lorcan.

Nitafikia kwa masista, karibu na gereza. Njoo unione au nenda kwa wakili moja kwa moja, mlango upi usijali. Kesi ni tarehe kumi na sita Novemba.

Sitakuandikia tena.

Dympna

*

Kiltarran
Ijumaa, 30 Oktoba 1953

Kwa Bi. Nonie Hession, Drumsallow

Bibi Hession mpendwa,

Nimeichelewesha barua hii kwa sababu sikujua nitaianza vipi. Kwa niaba yangu na ya timu nzima ya kaunti nakupa pole kwa kufiwa na mwanao Tade. Tulikuwa wapinzani, lakini mpinzani wa aina yake humfanya mtu aheshimu mchezo. Alikuwa beki bora kuliko wote niliopata kuwaona, na sijasema hivyo leo tu.

Misa ya kutimiza mwezi tangu afariki imekaribia. Ningependa, kwa idhini yako, wachezaji wote wa kaunti waje wakiwa na jezi, wasimame pande mbili za njia ya kanisa na fimbo zao, kama inavyofanywa kwa wakubwa. Bwana Considine amekubali. Nadhani ingesaidia kuzituliza parokia zetu mbili, maana wiki iliyopita mtu mwingine amevunjwa mkono huko baa ya njia panda, na hakuna anayejua itaishia wapi.

Kuna jambo la pili, na naliandika kwa unyenyekevu. Mpwa wangu Lorcan atahukumiwa mwezi ujao. Ni kijana wa miaka ishirini na minne. Alifanya kitendo kibaya akiwa na uchungu wa mdogo wake. Mama wa marehemu akimwandikia jaji kuomba huruma, neno lake lina uzito kuliko la wakili au la ndugu yeyote. Sikuombi umsamehe. Nakuomba tu uandike.

Mimi mwenyewe ningefanya zaidi, lakini nafasi niliyopewa inanifunga mikono, na wengi wananitegemea.

Kwa heshima kubwa,
Colman Tuohy
Kocha wa Kaunti

*

Drumsallow
Jumanne, 3 Novemba 1953

Bwana Tuohy,

Barua yako nimeipata. Mimi si mtu wa kuandika, nitasema nilicho nacho.

Kijana wako nimeshamwombea kwa jaji. Nilimwandikia kabla yako, wiki mbili zilizopita. Dada yako alikuja hapa kwa miguu kutoka stesheni, kwenye mvua, akasimama nje ya geti, hakuthubutu kuingia. Nikamwingiza. Tulikaa jikoni wanawake wawili na hatukusema mengi. Ni mama, na mimi ni mama. Mwanawe alidanganywa, na mwongo si yeye. Tarehe kumi na sita nitasimama mahakamani niseme hivyo hivyo, wakiniruhusu na wasiporuhusu.

Sasa nikuambie jambo ambalo dada yako alilia nilipomwambia, na nadhani hakukueleza, maana anasema hamsemeshani.

Tade alijua ni Pakie Lacken. Alikuwa hatua moja kutoka kwake. Na alijua kwamba wewe umeona. Jioni ile ya fainali alikuja nyumbani, nikamfunga kidole, akaniambia, "Mama, kijana alipoanguka niliinua kichwa nikamwona Tuohy ananitazama. Tulitazamana. Ameona yote." Nikamwambia basi kaseme. Akakataa. Akasema mchezaji hatoi jina la mchezaji mwenzake, hata wa upande wa adui, haikuwahi kufanyika kwetu na haitaanza na yeye. Akasema si kazi yake, ni kazi yako, na wewe utaifanya.

Walipomuuliza kwenye ile hoteli alinyamaza kwa sababu ulikuwa umekaa pale. Alikuwa anakungoja. Alirudi na mwaka wake wa kufungiwa, nikapiga kelele nyumba nzima, akasema, "Anamlinda kijana wake wakati Enda bado anaumwa. Muache. Tuohy ni mtu wa kweli, atasema kesho." Kesho yake ikapita. Wakachoma majani, akasema atasema Jumapili. Jumapili wakamnyonga mbwa, akachimba shimo mwenyewe nyuma ya zizi, akarudi ndani akanawa mikono, akasema umechelewa tu. Mimi nilikuwa na hasira na wewe. Yeye hakuwahi. Alisema kaunti imepata kocha kwa mara ya kwanza anayeujua mchezo, na atatumikia mwaka wake wa kufungiwa, kisha atakuja kukuomba namba.

Asubuhi ile ya maziwa aliondoka mapema. Nilimwambia nimesikia kaka wa Enda ameonekana kijijini. Akasema vizuri, atamuuliza hali ya jicho.

Msilete jezi wala fimbo zenu kanisani. Vijana wakitaka kuja kusali waje na nguo za kawaida, nitawapa chai. Wewe usije.

Nasikia mazoezi yenu yanaanza Jumatano. Utahitaji kutafuta beki.

Nonie Hession